Mgongo wa Chini: Vifaa vya Mazoezi Vinavyoupa Nguvu na Nafuu

KIPINDI CHA AFYA KWA WAKIMBIZI
Nakala ya kusomwa hewani na katika vikundi vya wasikilizaji

Sauti: Mtangazaji (mwanamke), Mtaalamu wa fiziotherapia (mwanamume), Msomaji wa maswali

Vifaa kwa kiongozi wa kikundi: mkeka, fimbo iliyonyooka, dumu moja la lita 20, kipande cha tyubu ya baiskeli, kitenge au taulo

(MUZIKI WA KIPINDI. UNASHUKA TARATIBU.)

MTANGAZAJI: Leo tunazungumzia maumivu ya mgongo wa chini, au kiuno kama wengi wetu tunavyosema. Nani kati yetu hajawahi kushika kiuno akinyanyuka bombani? Maumivu haya hayaui, lakini yanaweza kuipindua nyumba nzima. Mama akishindwa kubeba maji, mtoto wa kike ndiye anayeachishwa masomo akateke yeye. Baba akishindwa kuinama, kibarua kinampita. Ndiyo maana tumemkaribisha mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Karibu sana, daktari.

MTAALAMU: Asante dada, nami nawasalimu wasikilizaji wote. Kwanza niwaambie kwamba hamko peke yenu. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini. Hakuna ugonjwa mwingine unaowazuia watu wengi kiasi hicho kufanya shughuli zao.

MTANGAZAJI: Milioni 619! Basi tueleze, huko kiunoni kuna nini hasa?

MTAALAMU: Uti wa mgongo ni pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine. Sehemu ya kiuno ina pingili tano, nazo ndizo kubwa kuliko zote kwa sababu zinabeba uzito wote wa juu. Kati ya pingili na pingili kuna kisahani laini kinachofanya kazi kama mto wa kukalia. Pembeni mwa pingili zinapita neva zinazoshuka miguuni. Na kote kuzunguka kuna misuli: ya mgongo nyuma, ya tumbo mbele na ubavuni, na ya matako chini.

Fikirieni nguzo ya antena ya redio iliyosimamishwa uwanjani. Nguzo ile ni nyembamba, lakini upepo hauiangushi kwa sababu imefungwa kwa waya pande zote. Waya mmoja ukilegea, nguzo inayumba. Mgongo nao husimamishwa hivyo hivyo na misuli. Ndiyo maana anayefanya mazoezi ya mgongo peke yake, akaacha tumbo na matako, amekaza waya mmoja na kuiacha mingine imelegea.

MTANGAZAJI: Na maumivu yenyewe yanatoka wapi?

MTAALAMU: Kwa watu wengi, takriban tisa kati ya kumi, huwezi kuonyesha kidole na kusema chanzo ni hapa. Hakuna mfupa uliovunjika, wala ugonjwa mwingine uliojificha. Ni misuli na viungo vilivyochoshwa kwa mzigo, kwa kuinama muda mrefu, kwa kulala vibaya, au kwa kukaa siku nzima bila kazi. Naomba hili la mwisho lisikike vizuri. Mtu aliyekuwa analima ekari mbili kwao, leo anakaa mbele ya nyumba ya turubai kutwa nzima akisubiri siku ya mgao, misuli yake inapungua. Siku ya mgao ikifika, anabeba gunia kwa misuli ambayo imelala mwezi mzima.

MTANGAZAJI: Na mawazo je? Wapo wanaosema mgongo unauma zaidi siku ambayo hawakulala kwa kuwaza.

MTAALAMU: Ni kweli, wala si kwamba wanajifanya. Usingizi mbaya, hofu na huzuni huukaza mwili na kuyafanya maumivu yasikike kwa sauti kubwa zaidi. Kwa hiyo mtu mwenye mgongo unaomuuma akielekezwa pia kwa mshauri wa kisaikolojia, asione kwamba ameambiwa ni mwongo.

(MUZIKI MFUPI)

MTANGAZAJI: Kabla ya kushika kifaa chochote, daktari, nani asianze mazoezi?

MTAALAMU: Hapo ndipo pa kusikiliza kwa masikio yote mawili. Zipo dalili za hatari. Ukiona mojawapo, usifanye mazoezi, nenda kituo cha afya.

Ya kwanza: umeshindwa ghafla kuzuia mkojo au choo, au mkojo umekataa kutoka, au sehemu unayokalia imekufa ganzi. Hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Neva za chini zimebanwa, na zikichelewa kusaidiwa huenda zisirudi.

Ya pili: mguu mmoja au yote miwili inapoteza nguvu, unaburuza kanyagio.

Ya tatu: maumivu yalianza baada ya kuanguka, kugongwa au kupigwa.

Ya nne: una homa, unatokwa jasho usiku, unakonda, na mgongo unauma wiki baada ya wiki hata ukiwa umelala. Kifua kikuu hakishiki mapafu peke yake, kinaweza kushika uti wa mgongo. Kinatibika kwa dawa, lakini kikiachwa kinaharibu pingili na mgongo unaweza kupinda.

Ya tano: umewahi kutibiwa saratani, au ni mzee na mgongo umeanza kuuma ghafla sana.

Na kama maumivu yako yapo ubavuni chini ya mbavu, yakiambatana na homa na mkojo unaochoma, huenda ni figo. Mazoezi hayatatibu figo.

MTANGAZAJI: Kiongozi wa kikundi, tafadhali zirudie dalili hizo tano kabla ya kuendelea. (KIMYA KIFUPI.) Sasa tuingie kwenye vifaa. Katika kambi nyingi kuna chumba cha mazoezi ya viungo karibu na zahanati au hospitali. Mtu akiingia anaona mipira mikubwa, baiskeli isiyokwenda, mikanda ya mpira. Wengine wanadhani ni michezo ya watoto.

MTAALAMU: (ANACHEKA) Ni kweli, watoto wanaupenda sana ule mpira. Tuanze nao. Mpira ule mkubwa ulianza kutengenezwa Italia mwaka 1963 na mtu aitwaye Aquilino Cosani. Wataalamu wa Uswisi wakauona, wakauingiza katika tiba, ndiyo maana sehemu nyingi unaitwa mpira wa Uswisi.

Faida yake ni kwamba hautulii. Ukiukalia, misuli midogo iliyo karibu na uti wa mgongo inalazimika kuamka ili usianguke. Chagua mpira ambao ukiukalia nyayo zote mbili zinakanyaga chini, na nyonga ziko juu kidogo ya magoti. Kwa mtu wa kimo cha kawaida, mpira wa sentimita 65 kwa upana hutosha. Mfupi achukue wa 55.

Zoezi la kwanza ni kukaa tu. Kaa wima, kisha sukuma nyonga mbele na nyuma polepole, mara kumi. Zoezi la pili: lala chali sakafuni, weka miguu juu ya mpira, magoti yamekunjwa. Hapo mgongo unapumzika. Wengi wenye maumivu makali hupata nafuu wakikaa hivyo dakika tano. Ukishazoea, inua makalio kutoka sakafuni, hesabu hadi tano, shusha.

Tahadhari: mpira uwe karibu na ukuta, mtu awepo wa kukushika, na sakafu ifagiliwe. Mwiba mmoja tu unatosha kuupasua ukiwa juu yake.

MTANGAZAJI: Na asiye na mpira huo?

MTAALAMU: Kwa zoezi la kupumzisha mgongo, weka miguu juu ya kiti, benchi au godoro lililokunjwa. Mgongo utapata nafuu ile ile.

MTANGAZAJI: Haya, baiskeli isiyokwenda.

MTAALAMU: Kazi yake ni kupasha mwili joto na kurudisha pumzi. Visahani vya kiuno havina mishipa mingi ya damu. Vinapata chakula chake pale mwili unapojongea, kama sifongo inayobanwa na kuachiwa. Anza dakika tano, ongeza kidogo kidogo hadi kumi na tano. Kiti kiinuliwe hadi goti libaki limekunjika kidogo tu pale kanyagio inapofika chini. Kiti kikiwa chini sana, goti na kiuno vyote vitalalamika.

Wapo wazee ambao wakitembea hatua chache miguu inakuwa mizito, hadi wakae au wainame ndipo wapate nafuu. Mara nyingi kwao njia ya neva kiunoni imekuwa nyembamba. Hao baiskeli inawafaa kuliko kutembea, kwa sababu juu ya baiskeli mtu huinama kidogo na njia ile inafunguka.

MTANGAZAJI: Na yule ambaye hana baiskeli hiyo?

MTAALAMU: Atembee. Kutembea haraka kidogo, dakika kumi asubuhi na kumi jioni, mikono ikiwa huru bila mzigo, ni dawa ya mgongo isiyouzwa dukani.

(MUZIKI MFUPI)

MTANGAZAJI: Sasa mikanda ya mpira, ile inayovutika. Hiyo wengi hawana nyumbani.

MTAALAMU: Wanayo, dada! Tyubu ya ndani ya baiskeli. Ile ile tunayoikata vipande vya kufungia mizigo kwenye keria. Kata kipande chenye urefu wa mita moja na nusu hivi. Ondoa sehemu yenye valvu ya chuma, isije ikakurukia usoni. Ioshe kwa sabuni, ivute na uikague: ukiona nyufa, itupe. Kisha funga mwisho mmoja kwenye mti uliosimama imara, kimo cha kitovu. Usifunge kwenye nguzo ya nyumba ya turubai, utaiangusha nyumba kabla hujapona.

Simama ukiutazama mti, magoti yamelegea kidogo, kaza tumbo kama mtu anayetarajia kusukumwa. Vuta tyubu kwa mikono miwili kuelekea mbavuni, viwiko vikipita karibu na mwili. Hesabu mbili, rudisha polepole. Mara kumi, pumzika, kisha mara kumi tena. Zoezi hili linatia nguvu mgongo wa juu na kiuno kwa pamoja.

La pili ni kusimama ubavu kwa mti. Shika tyubu kwa mikono miwili mbele ya kifua, nyoosha mikono mbele, na usikubali tyubu ikugeuze kiwiliwili. Wewe unatulia, mpira unakuvuta. Misuli ya ubavuni inajifunza kukataa kupindishwa. Mzigo mwingi wa kila siku unatuumiza kwa kutupindisha.

MTANGAZAJI: Sasa dumu. Au bidoni, kama wanavyosema ndugu zetu wa Kongo. Hilo ndilo linalotuumiza, nalo leo limekuwa kifaa cha mazoezi?

MTAALAMU: Ndilo bora kuliko yote, kwa sababu linajipima lenyewe. Lita moja ya maji ni kilo moja. Dumu la lita 20 likijaa ni kilo 20 na zaidi kidogo. Kwenye chumba cha mazoezi tunahitaji vyuma vya kilo mbili, tatu, tano, kumi. Wewe una vyote hivyo ndani ya dumu moja, ni suala la kujaza maji kiasi gani.

Lakini kwanza jifunze bila maji. Chukua fimbo iliyonyooka, iweke mgongoni kwa urefu. Mkono mmoja uishike nyuma ya shingo, mwingine kiunoni. Fimbo iguse sehemu tatu: kisogo, katikati ya mabega, na mfupa wa chini wa mgongo juu ya matako. Sasa inama kwa kusukuma matako nyuma, kama mtu anayefunga mlango kwa makalio huku mikono imejaa vyombo. Magoti yanakunjika kidogo. Fimbo ikiachia mojawapo ya sehemu tatu, umekunja mgongo badala ya nyonga. Rudia hadi mwili uzoee. Huko ndiko kunyanyua kwa nyonga, na misuli ya matako na mapaja ndiyo inayofanya kazi, nayo ni mikubwa kuliko ya kiuno.

MTANGAZAJI: Kisha?

MTAALAMU: Kisha weka dumu lenye lita tatu katikati ya miguu, karibu na vifundo. Inama vile vile, lishike, kaza tumbo, inuka. Mara nane. Ukiweza seti tatu kwa siku tatu za wiki bila kuumia, wiki inayofuata ongeza lita mbili. Usiongeze zaidi ya hapo. Kwa mwendo huo, baada ya wiki nane au tisa utaliinua dumu lililojaa kwa misuli iliyofunzwa, wala si kwa bahati.

Pia kumbuka umbali. Mzigo ulioushika mbali na mwili unakuwa mzito mara nyingi zaidi kwa kiuno. Shika ndoo karibu na kitovu, kisha nyoosha mikono mbele, utasikia tofauti mara moja. Na ukiwa na madumu mawili ya lita kumi, beba kimoja kila mkono. Hilo ni jepesi kwa mgongo kuliko dumu moja la lita 20 upande mmoja, ingawa maji ni yale yale.

MTANGAZAJI: Vijana wetu nao wana kunyanyua vyuma kwao. Fito la chuma, kopo la saruji huku na kopo la saruji kule.

MTAALAMU: Nimeyaona, na nawapongeza kwa ubunifu. Lakini nina maneno matatu kwao. Pimeni makopo kwenye mzani wa dukani, kwa sababu saruji haikauki na uzito sawa, na upande mmoja ukizidi unampinda mtu kiuno. Msianze na kuinua kutoka chini kwa kushindana nani zaidi. Na zoezi lile la kulala chali na kuinuka mara mia kwa kukunja mgongo, liacheni kama kiuno kinauma, linabana visahani bure.

(MUZIKI MFUPI)

MTANGAZAJI: Tumebakiza mkeka. Na huo ni kifaa?

MTAALAMU: Mkeka na kitenge ni chumba kizima cha mazoezi. Yapo mazoezi matatu ambayo Profesa Stuart McGill wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, aliyachagua baada ya kupima miaka mingi jinsi mgongo unavyobeba mzigo. Yanakaza waya zote za nguzo bila kuuminya mgongo sana.

La kwanza: lala chali, goti moja limekunjwa, mguu wa pili umenyooka. Kunja kitenge, kiweke chini ya kiuno pale penye upenyo. Inua kichwa na mabega kidogo tu, kama unataka kuona kama mto umesogea. Shikilia sekunde nane hadi kumi, ukiendelea kupumua.

La pili: lala kwa ubavu, jiegemeze kwa kiwiko, magoti yamekunjwa. Inua nyonga ziwe juu, mwili uwe mstari mmoja kuanzia bega hadi goti. Sekunde nane hadi kumi, kisha upande wa pili.

La tatu: piga magoti na viganja chini, kama mama anayepiga deki. Nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, kiuno kisiyumbe. Sekunde nane, badilisha. Ukitaka kujua kama unatulia, mtu akuwekee kikombe cha plastiki chenye maji mgongoni. Kikimwagika, utajua mwenyewe.

Fanya kila moja mara tano au sita. Yote matatu hayazidi dakika kumi na tano.

MTANGAZAJI: Na kwa yule ambaye maumivu yanashuka mguuni kama umeme?

MTAALAMU: Hapo nina kisa cha kweli. Mwaka 1956, huko Wellington, New Zealand, mgonjwa mmoja wa mtaalamu Robin McKenzie alilala kifudifudi kwenye kitanda ambacho upande wa kifua ulikuwa umeachwa umeinuliwa. Akakaa hivyo dakika kadhaa, mgongo umepinda kinyumenyume. McKenzie alipomkuta aliogopa, lakini mgonjwa akasema mguu hauumi tena. Kutokana na siku ile McKenzie akajenga njia nzima ya tiba.

Nyumbani fanya hivi: lala kifudifudi dakika mbili. Kisha jiegemeze kwa viwiko, dakika mbili. Sikiliza mguu. Maumivu yakipanda kutoka kwenye kifundo kuja gotini, kutoka gotini kuja kiunoni, hiyo ni dalili njema hata kama kiuno chenyewe kinauma zaidi kidogo. Yakishuka kwenda chini, acha mara moja, njia hii si yako.

MTANGAZAJI: Tuna maswali kutoka kwenye vikundi.

MSOMAJI: Swali la kwanza. "Mimi ni mjamzito wa miezi saba, kiuno kinaniuma. Naruhusiwa mazoezi?"

MTAALAMU: Hongera, mama, na unaruhusiwa, ila kwa uangalifu. Mwulize mkunga kwanza kama mimba haina tatizo. Usilale kifudifudi, na usilale chali muda mrefu, mtoto anakandamiza mshipa mkubwa wa damu na utasikia kizunguzungu. Zoezi la kupiga magoti na viganja linakufaa sana, na kukaa juu ya mpira ukiwa umeshikwa. Maumivu yakija na kuondoka kwa vipindi, au ukitokwa damu au maji, nenda kwa mkunga upesi.

MSOMAJI: Swali la pili. "Nimenunua mkanda wa kiuno sokoni. Nikiuvaa napata nafuu. Kwa nini niteseke na mazoezi?"

MTAALAMU: Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini. Limeshauri mazoezi na elimu ya kujitunza. Mikanda ya kiuno limeiweka katika orodha ya vitu lisivyovishauri, pamoja na kuvutwa mgongo kwa mashine na dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni. Fedha ya mkanda huo ingenunua sabuni na mafuta. Kwa ndugu aliyekwisha kuununua, usijilaumu, ila usiutegemee ufanye kazi ya misuli yako.

MSOMAJI: La tatu. "Nikiumwa nanunua vidonge, namaliza pakiti. Kuna ubaya?"

MTAALAMU: Upo. Diklofenaki na ibuprofeni, hasa ukizimeza bila kula na kwa siku nyingi, zinaweza kuchubua tumbo hadi litoke damu, na zinaumiza figo. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye shinikizo la damu na mjamzito wasizinunue bila kuulizia kituo cha afya.

MSOMAJI: Na la mwisho. "Bibi yangu huwa anamwambia mtoto amkanyage mgongoni. Ni sawa?"

MTAALAMU: Naelewa, unasikia kama mifupa imerudi mahali pake. Lakini mifupa ya bibi imeanza kuwa myepesi, na uzito wa mtoto unaweza kuvunja pingili au ubavu. Mpeni kitambaa kilichochovywa maji ya moto na kukamuliwa, kiwekwe kiunoni dakika kumi na tano. Kisha atembee kidogo. Na asilale kutwa: kulala kitandani siku nyingi kunaichosha misuli na kuchelewesha kupona.

MTANGAZAJI: Mtu atajuaje kama zoezi linamsaidia au linamuumiza?

MTAALAMU: Ayape maumivu alama, sifuri hadi kumi. Yakiwa chini ya nne wakati wa zoezi na kesho asubuhi yamerudi yalipokuwa, aendelee. Yakizidi hapo au yakibaki hadi siku ya pili, apunguze nusu: nusu ya maji kwenye dumu, nusu ya hesabu. Asiache kabisa. Na awe na subira. Misuli haijengwi kwa siku tatu, inahitaji wiki sita hadi nane. Wengi hufanya mazoezi hadi maumivu yaishe, wanaacha, na baada ya mwezi mmoja wanarudi pale pale.

MTANGAZAJI: Haba na haba hujaza kibaba. Daktari, asante sana.

MTAALAMU: Asante dada. Pole kwa wote mnaoumia, na chukueni hatua leo, hata kama ni dakika tano.

(MUZIKI. UNASHUKA.)

MTANGAZAJI: Tukumbushane, wasikilizaji.

Moja: chunguza dalili za hatari kwanza. Kushindwa kuzuia mkojo, ganzi unapokalia, au mguu kupoteza nguvu, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Mbili: imarisha mgongo, tumbo, ubavu na matako kwa pamoja.

Tatu: kama kambi yako ina chumba cha mazoezi, mwulize mhudumu wa afya ya jamii jinsi ya kupewa rufaa. Usitumie kifaa ambacho hujaonyeshwa.

Nne: nyumbani, fimbo inafundisha kuinama, tyubu inafundisha kuvuta, dumu linafundisha kunyanyua, mkeka unafundisha kutulia.

Tano: ongeza polepole, lita mbili kwa wiki na si zaidi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika nyumba yenu, nani anabeba maji na kuni nyingi zaidi? Mzigo huo unaweza kugawanywaje bila kumwachisha mtoto shule?

2. Kila mmoja ajaribu kuinama na fimbo mgongoni. Ni sehemu ipi inaachia kwanza?

3. Je, kuna mtu katika mtaa wenu ambaye hatoki ndani kwa sababu ya mgongo? Nani atakwenda kumtembelea, na nani atamsindikiza kituo cha afya?

MTANGAZAJI: Kipindi kijacho tutazungumzia magoti ya wazee. Hadi hapo, nyanyukeni kwa nyonga, bebaneni mizigo, na kila la heri.

(MUZIKI WA KIPINDI HADI MWISHO.)